Njia Iliyoyashinda Magurudumu: Wapagazi na Barabara ya Tabora

Katika kisiwa kidogo cha Man, baina ya Uingereza na Ireland, kuna uwanja wa mbio za pikipiki usiofanana na viwanja vingine. Hauna ukuta wala lango. Ni barabara ya kila siku, ile ile ipitwayo na mchuuzi aendaye sokoni na mtoto aendaye chuoni, yenye urefu wa kilomita 60 na ushei, ikipanda mlima Snaefell na kuteremka, nayo ina kona zaidi ya 200. Mashindano ya kisiwa hicho yalianza mwaka 1907, na njia hiyo ya mlimani ikaanza kutumiwa na pikipiki mwaka 1911. Msimu ukifika, barabara hufungwa. Mashindano yakisha, hurudi kuwa njia ya watu. Wanaoijua huzitaja kona zake moja moja kwa majina, na mgeni asiyekuwa amejifunza majina hayo hathubutu kuijaribu kwa kasi.

Afrika ya Mashariki nayo ilipata mashindano yake ya barabarani mwaka 1953, magari yalipoondoka kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa kuadhimisha kutawazwa kwa malkia wa Uingereza. Mashindano hayo yalikuja kusifika ulimwenguni kwa ugumu wake. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Lakini lililo kubwa kuliko hesabu hiyo ni jina. Walioyaanzisha, wakitafuta neno la kubeba maana ya mwendo mrefu, wa taabu, katika nchi isiyomhurumia mwendaji, hawakulipata katika lugha yao. Wakachukua la Kiswahili: safari.

Neno hilo halikutoka hewani. Lilikuwa tayari limekwisha kutembea. Kwa miaka mia na zaidi kabla ya gari la kwanza la mashindano kuwashwa, lilikuwa likipigiwa kelele alfajiri katika kambi za nyika, baina ya mrima na maziwa makuu, na waliolipiga kelele hawakuwa na injini wala gurudumu. Walikuwa na miguu, na mabegani mwao frasila mbili za mzigo, yaani kilo thelathini na kitu.

Leo katika nchi ya Tabora pikipiki ni chombo cha riziki. Huko Choma, katika wilaya ya Igunga, na katika vijiji vinavyoizunguka mbuga ya Wembere, hupakiwa magunia, mitungi ya maji, mbuzi na wagonjwa. Uwanja wa mashindano ya vyombo hivyo haupo. Lakini nchi hiyo ya Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma iliwahi kuwa chimbuko la njia ya mbio iliyo ndefu kuliko ya Man mara kumi na zaidi, nayo ilikuwa na vituo vyake, kanuni zake, mabingwa wake na vifo vyake. Ni njia ya misafara itokayo Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, na kwa upande wa magharibi ikaendelea kilomita kama 400 nyingine hadi Ujiji.

Vitabu vingi vinavyoieleza njia hiyo huianzia pwani, kwa sababu waandishi wake walianzia pwani. Walivuka kutoka Unguja kwa jahazi, wakaajiri watu, wakaiona bara kama shimo la giza linalowameza hatua kwa hatua. Wenye njia, hata hivyo, waliianzia upande wa pili. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu tangu mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kujenga tembe Unyanyembe. Hata jina lao, watu wa Mwezi, yasemekana walipewa na watu wa pwani waliowaona wakitokea upande ule mwezi mchanga unakoonekana. Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, na kaka yake ni miongoni mwa wageni wa kwanza wa biashara kufika huko, katika miaka ya 1820, na mji wa Kazeh, ambao ndio kiini cha Tabora ya leo, ulipata nyumba za Waarabu, akina Snay bin Amir na wenziwe, karibu na mwaka 1852. Kwa hiyo mgeni alipoingia bara hakufungua njia. Alifuata nyayo za watu waliokuwa wakirudi kwao.

Basi na ianziwe huko. Mavuno yakisha kuingizwa ghalani na nchi ikianza kukauka, vijana wa Unyamwezi walikusanyika. Richard Burton, aliyefika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 tangu alipoondoka pwani, aliandika kuwa kwa watu hao kazi ya kubeba mizigo ya mwendo mrefu ilikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto walizoezwa kwa vipembe vidogo tangu utotoni. Aliyekuwa hajaiona bahari alikuwa bado mtoto machoni pa wenziwe, hata kama ndevu zimemtoka. Wapo wakeze waliofuatana nao, wakibeba vyungu na watoto, wakipika kambini; na bila wao misafara mingi isingalifika, ingawa kwenye madaftari ya mishahara majina yao ni haba.

Mbele ya wote alikwenda kirangozi. Huyu hakuwa mtumishi wa tajiri. Aghalabu alichaguliwa na wapagazi wenyewe kwa kuijua njia na kwa ulimi wake. Alivaa nguo nyekundu, kichwani manyoya ya ndege au ngozi ya mbega, akashika bendera, na nyuma yake ngoma na baragumu. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Penye njia panda alitupa tawi au kuchora mstari kwa mguu kuvuka njia isiyofuatwa, na watu mia tatu waliokuja nyuma, mmoja mmoja kwa mstari, walijua pa kukanyaga bila kuuliza. Njia yenyewe haikuzidi upana wa mguu na nusu. Ilijipinda daima: mti ukianguka, wa kwanza aliuzunguka, wa pili akamfuata, na hata mti ukaoza na kuwa vumbi, kona ilibakia. Mzungu aliyepima kwa dira alikasirika kuona njia haiendi sawa. Hakujua kwamba kila kona ilikuwa kumbukumbu ya kizuizi kilichowahi kuwapo.

Wapenzi wa ushairi watapendezwa zaidi na jambo moja: kasi ya msafara ilishikwa na wimbo. Kirangozi alitoa, wapagazi wakaitikia, na mizani ya kiitikio ilikuwa mizani ya hatua. Mtunzi goigoi alichosha watu. Mtunzi hodari aliwasogeza maili mbili bila wao kujua. Nyimbo hizo zilisifu chakula kijacho, zilimkejeli tajiri mwenye mkono mgumu, zilimtaja mwanamke aliyebaki nyumbani, na zilibadilika kila siku kwa mujibu wa lililotokea jana. Ilikuwa kazi ya kutunga papo kwa papo, na mzigo wa kilo thelathini begani. Wasafiri waliozisikia waliandika kuwa zilikuwapo, wakanakili vijistari viwili vitatu, kisha wakarudi kuhesabu pembe zao. Hapo fasihi yetu ilipata hasara isiyofidiwa.

Kutoka Unyanyembe kwenda mashariki, siku za kwanza zilikuwa nyepesi: vijiji vya watu wa lugha moja, mtama wa kununua, maji. Mwisho wa wepesi huo ulikuwa Tura. Baada ya Tura ilianza Mgunda Mkali, msitu mkavu wa miiba ambao jina lake latosha, shamba lichomalo. Humo hapakuwa na vijiji vya kutegemewa wala chakula cha kununua, na mabwawa ya maji yalihesabika kwa vidole. Kituo mashuhuri cha katikati kilikuwa Jiwe la Mkoa, na mashuhuri yake ni kwamba palikuwa na mahali pa kujinyoosha. Kila mpagazi alibeba posho yake juu ya mzigo wa tajiri, kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na aliyekula ya kesho leo alikwisha.

Hapa ndipo ilipotumika mbinu ambayo wageni waliiogopa kuliko simba, nayo ni tirikeza. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri na kutua kabla ya jua kuwa kali, baada ya mwendo wa kilomita kama 15. Lakini penye umbali mkubwa baina ya maji na maji, hesabu hiyo haikufaa. Kwa hiyo watu walikunywa na kupika asubuhi, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri wakati jua linauma, wakaenda hadi usiku, wakalala pakavu bila kupika, na alfajiri wakaondoka tena ili maji ya pili wayafikie kabla ya joto. Hivyo kiu moja ya siku mbili ikagawanywa kuwa nusu mbili zinazovumilika. Ni elimu, na ilivumbuliwa na miguu, si na dira. Tajiri mgeni aliyekataa kupiga tirikeza kwa kuona ni ukatili aliwaua watu wake kwa huruma.

Kutoka msituni njia ilishuka ukingo wa bonde la ufa hapo Kilimatinde, ikaingia Ugogo. Hapo taabu ilikuwa ya namna nyingine. Wagogo walikuwa na maji, mtama na mifugo, na walijua thamani yake. Kila mtawala alitoza hongo, na majadiliano ya hongo yaliweza kula siku tatu nne katika nchi ambayo kila siku ilikula posho. Wafanyabiashara wameijaza karatasi malalamiko juu ya ulafi wa Wagogo. Ukiyasoma polepole unaona watu wenye visima katika nchi kame, wanaotakiwa kunywesha watu mia tano na punda wao kwa salamu tu. Kisha ukaja Marenga Mkali, nyika ya maji ya chumvi kabla ya Mpwapwa, tirikeza nyingine. Milima ya Rubeho na Usagara, ambako baridi na mvua viliwaua waliotoka kwenye jua. Bonde la Mkata, ambalo masika hugeuka tope la kufika kiunoni. Mto Kingani wenye viboko na mamba. Na mwisho, harufu ya chumvi.

Mwisho huo uliitwa Bagamoyo. Wengi husimulia kuwa jina latokana na mtumwa aliyeambiwa abwage moyo wake kwa sababu hatairudia nchi yake. Wengine husema latokana na mpagazi aliyetua mzigo na kuubwaga moyo, yaani kuutuliza, kwa kuwa kazi imekwisha, ujira upo na ngoma italia usiku kucha. Aliyepima umbali wa njia hiyo kwa mguu ataona maelezo ya pili yana uzito, kwani wanaokipa jina kituo cha mwisho ni wale wanaokifikia kila mwaka na kuimba juu yake. Lakini hapana haja ya jina moja kuwa na moyo mmoja. Mlango ule ule uliwapokea wote wawili.

Na hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu visiwani haliwezi kusemwa nusu. Watumwa walipita njia hii. Walifungwa shingo kwa miti, walibeba pembe walizopewa, walianguka na kuachwa. Mpaka mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sayyid Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Uingereza, soko la Unguja lilikuwa likiwapokea watu kwa wazi. Ila si kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa, na hapa ndipo historia iliyozoeleka inapowanyima watu haki yao. Pembe nyingi za njia ya kati zilibebwa na Wanyamwezi huru waliopatana ujira kabla ya kuinua mzigo. Walilipwa kwa doti za merikani na kaniki, kwa shanga na kwa masango. Walitaka sehemu ya ujira mwanzoni. Na mkataba ukivunjwa, walivunja msafara. Waungwana wa Unguja na wa mrima nao, ambao wengine walikuwa watumwa wa watu waliokwenda kwa ruhusa ya mabwana zao, walilipwa kwa mwezi, na katika miaka ya 1870 bei iliyozoeleka ilikuwa riale tano.

Soma malalamiko ya wasafiri wa Kizungu: wapagazi ni wavivu, ni wezi, hukaa chini wakakataa kuinuka, hutoroka usiku. Ukilifuta neno la matusi linabaki jambo linaloeleweka na mfanyakazi yeyote. Walikaa chini kwa sababu posho imepunguzwa. Walikataa kuinuka kwa sababu mwenzao mgonjwa anataka kuachwa njiani, au kwa sababu mizigo ya waliotoroka imegawanywa kwao bila nyongeza. Migomo ilifanyika katika misitu ya Tabora miaka mingi kabla ya bandari na reli kuijua. Wala haikuwa tajiri wa Kizungu peke yake aliyegombana nao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mwana wa Unguja ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, anaeleza jinsi wapagazi wa Kizaramo walivyomtoroka, naye akarudi akawakamata na kuwafunga minyororo. Anaeleza bila haya, kama mtu aelezaye hesabu ya duka. Uhuru wa mpagazi ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa bunduki ya tajiri.

Mbio zenyewe zilikuwa wapi? Zilikuwa kila mahali. Msafara uliotangulia ndio uliopata mtama wa bei nafuu na kisima kisichotibuliwa. Uliofuata ulikuta tope na bei maradufu. Jioni, kambi ikionekana, waliokuwa wakijikokota walipata miguu mipya, kwani aliyeingia kwanza alichagua kibanda kizuri na mti wenye kivuli. Wabeba pembe kubwa, wenye mzigo mzito kuliko wote na fahari kubwa kuliko wote, hawakukubali kupitwa na mbeba shanga. Na misafara miwili ikikutana katika njia isiyopisha, palikuwa na kanuni. Virangozi wawili walikaribiana kwa madaha kama majogoo, vichwa vimegeuzwa pembeni, kisha ghafla wakarukiana na kugongana vipaji kama kondoo dume. Wa nyuma yao wakafanya vivyo hivyo, mmoja kwa mmoja, na mgeni aliyeona mara ya kwanza alidhani ni vita. Lakini mwishoni walioshindwa walipisha, wakacheka wote, wakapeana habari za maji. Palipokuwa na kinyongo cha zamani, ndipo damu ilipomwagika.

Washindani wengine waliletwa kwenye njia hii, na ni jambo la kuburudisha kuona jinsi walivyoshindwa. Farasi wa Henry Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Unyanyembe mwezi Juni, walikufa kabla ya kuiona Tabora, na gari lake la kusukuma halikufaa. Wamisionari wa London walijaribu magari ya ng'ombe katika miaka ya 1870. Mbung'o aliwamaliza ng'ombe, magari yakabaki njiani. Kilele cha yote kilikuwa mwaka 1879, mfalme Leopold wa Ubelgiji alipoleta ndovu wanne wa Bara Hindi, wakashushwa Msasani pamoja na walezi wao, waende bara hadi ziwa Tanganyika. Wanakijiji walitoka kutazama ndovu wanaotii amri. Ndovu hao walikufa mmoja baada ya mwingine, na mradi ukaachwa. Mzigo uliokusudiwa kubebwa na mnyama ukarudi begani mwa binadamu.

Kati ya wenye njia wapo waliopata medali. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni hadi Bara Hindi na kurudi Unguja akiwa huru, alifuatana na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha na Cameron aliyelivuka bara zima. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha, na mwaka 1876 ikampa pensheni. Alifariki mwaka 1885. Na wengine, akina Chuma na Susi, walifanya lililowashinda wenye dira: David Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, waliukausha mwili wake, wakaubeba kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Cameron, waliyekutana naye Tabora, aliwashauri wamzike pale pale. Walikataa. Mwendo wa miezi mingi wakiwa na mzigo ambao hakuna kijiji kilichotaka upite ndani yake: katika njia hii hapana ushindi uliozidi huo.

Siasa pia ilikuwa na kona zake. Mwaka 1871 Mirambo, mtawala wa Urambo, aliifunga sehemu ya Tabora hadi Ujiji katika vita vyake na Waarabu, na misafara ikalazimika kuzunguka kusini. Yeye mwenyewe alitambua kwamba anayeishika njia ndiye mtawala, na mpaka kifo chake Desemba 1884 hakuna aliyepita magharibi bila kumfikiria. Wajerumani walitambua hivyo hivyo. Isike wa Unyanyembe alipowapinga, waliishambulia ngome yake, na Januari 1893, alipoona wamekwisha kuingia, aliilipua baruti naye akiwa humo.

Kisha kikaja chombo kimoja kilichoishinda miguu. Reli ya kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,252 tangu pwani. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku. Kirangozi hakuwa na la kuongoza, kwani reli haina njia panda ya kutupia tawi. Bagamoyo, ambayo treni haikupita, ikalala.

Wapagazi wangalidhani kuwa sasa mabega yatapona. Vita vya 1914 vilikuja. Majeshi ya Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani yalihitaji watu wa kubeba pasipo na reli, na safari hii hapakuwa na mapatano ya ujira mbele ya nyampara, wala kuchagua kirangozi, wala kukaa chini. Watu walikamatwa vijijini. Tabora ilitekwa na Wabelgiji Septemba 1916, na mizigo iliyowafikisha ilibebwa vichwani. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi ya tumbo kuliko kwa risasi. Jina la kikosi cha wabebaji cha Waingereza, midomoni mwa watu, likawa Kariakoo, na leo ni soko la Dar es Salaam ambamo watu hununua vitenge bila kufikiria kwamba wanalitaja kaburi. Mwendo ni hapo karibu hadi sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika wa vita hivyo. Maandishi yake yanawataja wapagazi. Sanamu yenyewe ni ya askari, na bunduki yake.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina lililoandikwa ni njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Mtumwa ametajwa, na ni haki yake. Ndovu ametajwa. Aliyeipima njia kwa mguu, akazipa tirikeza na kambi majina yake, akaitungia nyimbo, hakupata neno katika kichwa hicho cha habari. Huko Kwihara, nje kidogo ya Tabora, limehifadhiwa tembe alimokaa Livingstone, na mgeni akifika huonyeshwa chumba chake. Wapagazi walilala nje, uani, wala uani hapana la kuonyeshwa.

Njia yenyewe imefutika mahali pengi. Pamebaki miembe, ambayo wazee wa Tabora na Ujiji husema iliota kwa kokwa zilizotupwa na misafara, na pamebaki neno safari, ambalo sasa lina magari, ndege na watalii. Masika yakianza katika nchi ya Igunga, udongo mweusi wa mbuga hunata, hujaa baina ya gurudumu na bati lake mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo kijana mwenye pikipiki huzima injini, hufungua kamba, huutwika mzigo kichwani akautangulize mahali pakavu, kisha hurudi kukisukuma chombo chake kwa miguu.